Mayeloma Inapovaa Sura ya Limfoma: Mwongozo kwa Wodi na Maabara

Mwongozo huu ni kwa madaktari wa wodi na kliniki, matabibu wanaochukua kinyama, wataalamu wa maabara wanaokipokea, na wenzangu wa patholojia wanaotia saini majibu. Nimewafikiria hasa walio katika hospitali za rufaa za Afrika Mashariki, ambako VVU, kifua kikuu na saratani za damu hukutana katika wodi moja, na mara nyingine katika mwili mmoja.

Nianze na slaidi mbili zilizowahi kulala mezani kwangu siku moja, zote za uvimbe wa taya. Slaidi ya kwanza ilikuwa na seli kubwa zilizobanana, kiini kimesukumwa upande, na ndani ya kiini kijikiini kimoja kilichokolea kama mboni ya jicho. Nyingine zilikuwa katikati ya kugawanyika. Slaidi ya pili ilikuwa vivyo hivyo, kiasi kwamba ningezichanganya nisingejua ipi ni ipi. Rangi ya CD138 ilishika kwenye zote mbili, CD20 haikushika popote, na Ki-67 ilishika karibu kila seli. Fomu ya slaidi ya pili ilijazwa mstari mzima: mama wa miaka 61, mgongo unauma miezi minne, pingili moja imesagika, kreatinini imepanda, hana VVU. Fomu ya slaidi ya kwanza ilikuwa na maneno mawili tu, "uvimbe, taya". Jibu la mama yule lilitoka upesi, nalo lilikuwa mayeloma. La kwanza lilikaa wiki tatu tukimtafuta mgonjwa, hadi tukajua ni kijana wa miaka 36 anayeishi na VVU, aliyekuwa ameacha dawa. Yeye alikuwa na limfoma ya plasmablasti. Wiki tatu kwa ugonjwa wa kasi ile ni nyingi mno.

Hadubini haikuwa na uwezo wa kuzitenganisha slaidi zile. Taarifa zilizozitenganisha zilikuwa mikononi mwa wodi tangu siku ya kwanza. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaihesabu fomu ya maombi kuwa kipimo cha kwanza, na unaanzia hapo.

Kabla ya kuchukua kinyama

Mayeloma ya kawaida haina utata mkubwa. Kwa vigezo vya kimataifa vya 2014, seli za plasma za ukoo mmoja zinafika asilimia 10 au zaidi ya seli za uboho, au kinyama kimethibitisha uvimbe wa seli hizo, na pamoja na hilo kuna madhara mwilini: kalsiamu zaidi ya 2.75 mmol/L, kreatinini zaidi ya 177 µmol/L, himoglobini chini ya 10 g/dL, au mifupa iliyotoboka. Vigezo hivyo vinakubali pia dalili tatu zinazotosha hata kabla ya madhara kuonekana: seli za plasma kufika asilimia 60 ya uboho, uwiano wa minyororo myepesi katika damu kufika 100, au MRI kuonyesha zaidi ya kidonda kimoja cha mfupa. Utata huja pale seli zinapotoka nje ya uboho, zinapobadilika sura, au zinapoanza kubeba alama ambazo tumezoea kuziona kwenye limfoma.

Kwa mgonjwa yeyote mwenye uvimbe unaodhaniwa kuwa wa seli za plasma, andika kwenye fomu umri, mahali pa uvimbe na muda wake, hali ya VVU (na kama anatumia dawa za kufubaza virusi, tangu lini), kalsiamu, kreatinini, himoglobini, protini yote na albumini, na ulichokiona kwenye eksirei ya fuvu, uti wa mgongo, nyonga, mapaja na mikono ya juu. Hali ya VVU iandikwe kwa utaratibu wa siri wa hospitali yako, lakini isiachwe. Nikikuta nafasi hiyo tupu sijui kama mgonjwa hana maambukizi, hajapimwa, au mtu ameona aibu kuandika, na kila moja ya hayo matatu inanipeleka njia tofauti.

Protini yote ukiitoa albumini, kinachobaki kikizidi 40 g/L kinakuambia kuna wingi wa imunoglobulini. Usikimbilie kusema ni mayeloma. VVU, kifua kikuu, kichocho na ugonjwa sugu wa ini hupandisha imunoglobulini za koo nyingi kwa pamoja, na uboho wa mtu mwenye VVU unaweza kujaa seli za plasma zisizo na saratani yoyote. Elektroforesisi ndiyo inayoamua. Ukoo mmoja huchora mlima mwembamba wenye ncha, koo nyingi huchora kilima kipana. Kama hospitali yako haina elektroforesisi, tunza seramu na uitume kunakopimwa. Usisubiri mgonjwa apate nauli ya kwenda mwenyewe.

Kijiti cha mkojo kimewapotosha wengi. Kinaitikia albumini, hakiitikii minyororo myepesi. Mgonjwa anaweza kumwaga gramu kadhaa za minyororo hiyo kwa siku na kijiti kikabaki na rangi yake ile ile. Figo zikiwa zimechoka na kijiti kinasema hakuna protini, au kinaonyesha kidogo tu, hapo ndipo pa kushuku. Omba protini ya mkojo wa saa 24 pamoja na elektroforesisi ya mkojo.

Slaidi ya damu ya kawaida nayo isidharauliwe. Chembe nyekundu zilizopangana kama sarafu zilizobebana, na ESR iliyopita 100, si jibu, ila zinatosha kumrudisha mgonjwa kwenye foleni ya vipimo vingine. Mtaalamu wa maabara akiziona aziandike hata kama hakuulizwa.

Maumivu ya mgongo yanahitaji neno la pekee, kwa sababu wagonjwa wetu wengi huanzishiwa dawa za kifua kikuu cha mifupa kabla hawajapimwa chochote. Tazama nafasi kati ya pingili. Kifua kikuu kwa kawaida huila diski na pingili mbili zinazoigusa. Mayeloma hula pingili zenyewe na kuacha diski nzima. Penye shaka, chukua kinyama, ugawe: sehemu kwenye formalini, sehemu bila formalini kwa ajili ya GeneXpert na kuotesha.

Na usimpe deksamethasoni wala prednisoloni kabla ya kinyama, labda kama uti wa mgongo unabanwa na miguu inapoteza nguvu. Dawa hizo huyeyusha limfoma na huua seli za plasma vilevile. Nimepokea vipande vya tezi vilivyojaa seli zilizokufa, bila moja iliyo hai ya kupaka rangi, kwa sababu mgonjwa alimezeshwa prednisoloni siku tano "apate nafuu kidogo".

Kukichukua na kukitunza

Kwenye uboho, mvuto wa kwanza wa bomba la sindano ndio wa slaidi, kwa kuwa mivuto inayofuata huzidi kuchanganyika na damu na hesabu ya seli za plasma hushuka bila sababu ya kweli. Kipande cha mfupa kiwe na urefu wa sentimita 2 au zaidi. Seli za mayeloma hukaa kwa mafungu, na kipande kifupi kinaweza kupita katikati ya mafungu hayo bila kugusa hata moja. Slaidi ya uboho ikionyesha seli chache huku mifupa imetobolewa kama chujio, amini mifupa na urudie.

Formalini iwe ya asilimia 10 iliyosawazishwa, ujazo wake mara kumi ya kipande. Kilainisha mfupa nacho kinahusu mwongozo huu moja kwa moja. Asidi ya nitriki ni ya haraka, lakini huharibu RNA, na kipimo cha EBER kinachotafuta kirusi cha Epstein-Barr kinaisoma RNA hiyo. EBER isiposhika kwenye mfupa uliopita katika asidi kali, jibu hilo halina thamani. Tumia EDTA, hata kama inachukua siku kadhaa. Kama asidi ndiyo pekee mliyo nayo, andikeni hivyo kwenye kitabu na kwenye fomu, ili mwenzenu wa mbele asilisome jibu kwa imani isiyostahili.

Plasmablasti: mayeloma au limfoma?

Hapa ndipo kosa hutokea mara nyingi na gharama yake ni kubwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Limfoma ya plasmablasti ilielezwa mwaka 1997 na Delecluse na wenzake, kwa wagonjwa 16 wenye uvimbe wa kinywa, 15 kati yao wakiwa na VVU. Tangu hapo imeonekana pia tumboni, puani, kwenye ngozi, na kwa watu wasio na VVU ambao kinga yao imeshuka kwa uzee au kwa dawa. Mayeloma nayo, ikikomaa vibaya au ikirudi baada ya tiba, huweza kubadilika na kuwa na seli zile zile za kiplasmablasti. Zote mbili zinashika CD138, CD38 na MUM1. Zote mbili kwa kawaida hazina CD20 wala PAX5. Paneli ya rangi inayoishia hapo imethibitisha tu kwamba seli ni za ukoo wa plasma, na hilo tulilijua kwa macho.

EBER ikishika inasukuma mizani kwa nguvu kuelekea limfoma. Wagonjwa wengi wa limfoma hii wenye VVU huwa nayo, na kwenye mayeloma ni nadra sana. Isiposhika haijaondoa limfoma. Saiklini D1 au CD117 ikishika inaelekeza kwenye mayeloma. CD56 hushika zaidi kwenye mayeloma, lakini sehemu ya limfoma hizi hushika pia, kwa hiyo isibebeshwe uamuzi peke yake. Ki-67 ya juu sana ni ya kawaida kwenye limfoma, ila mayeloma ya kiplasmablasti huweza kuifikia. Kuhama kwa jeni ya MYC kunaonekana kwenye karibu nusu ya limfoma hizi, na kunatokea pia kwenye mayeloma iliyokwisha kuwa kali.

Baada ya yote hayo mizani huamuliwa na mwili mzima. Kalsiamu iliyopanda, figo zilizoziba, mlima mrefu kwenye elektroforesisi, mifupa mingi iliyotoboka na uboho uliojaa seli za plasma zilizokomaa kando ya zile changa: hiyo ni mayeloma, hata kama uvimbe uko kwenye fizi na hata kama mgonjwa ana VVU. Anayeishi na VVU hupata mayeloma kama mtu mwingine. Kinyume chake, uvimbe uliokua kwa wiki chache kinywani mwa mtu mwenye CD4 za chini, uboho wake safi na mifupa mizima, ni limfoma hadi ithibitishwe vingine. Penye mchanganyiko, kama uboho ulioguswa kidogo na protini ndogo ya ukoo mmoja, rejea kwenye kasi ya ugonjwa na EBER.

Kuna wengine watatu wa kuwaondoa kabla ya kutia saini. CD138 hushika pia kwenye saratani za ngozi ya juu na za tezi, na saratani iliyosambaa kwenye uboho imewahi kuitwa mayeloma kwa sababu ya rangi hiyo moja, kwa hiyo ongeza rangi ya keratini. Limfoma ya seli kubwa yenye ALK hushika CD138, haina CD20, na mara nyingi hubeba IgA. Rangi ya ALK inaimaliza habari hiyo. Na maji yaliyojaa kwenye kifua au tumbo bila uvimbe wa kuonekana, kwa mtu mwenye VVU, yanadai kipimo cha HHV-8, kirusi kile kile cha sarkoma ya Kaposi ambacho kimeenea katika ukanda wetu. Kwa mtoto mwenye taya lililovimba, kumbuka limfoma ya Burkitt, iliyoelezwa na Denis Burkitt mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Kampala. Hiyo hushika CD20 na CD10 na haiitiki CD138, kwa hiyo paneli ya kawaida huitambua.

Ikiwa umefika mwisho na mizani imelala sawa, usilazimishe jina. Andika kwamba ni uvimbe wa seli za plasma wenye sura ya plasmablasti, kwamba mayeloma na limfoma zote zinawezekana, na utaje kipimo gani kitaamua. Kisha mpigie simu daktari wa mgonjwa. Sababu ya uangalifu huo ni tiba. Limfoma hii hutibiwa kwa dawa za familia ya CHOP au EPOCH zikiambatana na dawa za VVU. Mayeloma hutibiwa kwa bortezomibu au lenalidomidi pamoja na deksamethasoni, na palipo na uwezo hufuatiwa na kupandikiza uboho. Jina likikosewa, mgonjwa anamaliza mizunguko kadhaa ya dawa za ugonjwa asiokuwa nao.

IgM, na kwa nini rituksimabu isubiri

Protini ya ukoo mmoja ikiwa IgM, fikiria kwanza ugonjwa wa Waldenström, ambao ni limfoma. Jan Waldenström wa Uswidi aliueleza mwaka 1944 kwa wagonjwa waliokuwa wakitoka damu puani na kinywani, wenye mitoki iliyovimba. Mayeloma ya IgM ipo, lakini haifiki asilimia 1 ya mayeloma zote.

Mitoki, bandama kubwa na damu iliyozidi uzito vinaelekeza Waldenström. Mifupa iliyotoboka inaelekeza mayeloma. Kwenye uboho, Waldenström ina mchanganyiko: limfosaiti ndogo zenye CD20, na seli za plasma ambazo bado zina CD19 na CD45. Seli za mayeloma karibu zote zimekwisha kupoteza CD19. Badiliko la MYD88 L265P liko kwa zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa wa Waldenström, na kwenye mayeloma ya IgM halitarajiwi. Mayeloma hiyo mara nyingi ina uhamaji wa kromosomu 11 na 14.

Mgonjwa wa IgM akilalamika kuona ukungu, kichwa kizito au damu ya puani, mtazame ndani ya macho siku hiyo hiyo: mishipa ya retina iliyovimba na kuminywa kama soseji inathibitisha damu nzito. Kuchuja plasma ndiyo dawa ya haraka. Usimwongezee chembe nyekundu kwa sababu tu himoglobini ni 7, maana utaizidisha damu uzito. Rituksimabu nayo huweza kuipandisha IgM ghafla mwanzoni mwa tiba, kwa hiyo IgM ikiwa 40 g/L au zaidi, isianzwe hadi plasma ichujwe au dawa nyingine zitangulie.

Mitego mingine

Uhamaji wa kromosomu 11 na 14 unastahili aya yake hata nje ya IgM. Mayeloma yenye uhamaji huo, ambayo ni kama moja kati ya sita, huwa na seli ndogo zinazofanana na limfosaiti, mara nyingi hushika CD20, na hushika saiklini D1. Msomaji mwenye haraka anaona seli ndogo, CD20 na saiklini D1, anaandika limfoma ya seli za mantoli. Limfoma hiyo ina PAX5, SOX11 na kwa kawaida CD5. Mayeloma ina CD138 na kwa kawaida haina hizo tatu. Kwenye uboho wenye seli ndogo, usiache kupaka CD138, kapa na lamda.

Uvimbe wa seli za plasma puani au kooni, ambako ndiko hukaa takribani asilimia 80 ya ule unaoota nje ya mfupa, hufanana na limfoma ya MALT iliyokomaa kuelekea plasma. Tafuta limfosaiti B zenye CD20 pembezoni mwa seli za plasma. Zikiwepo, na seli za plasma zina CD19 bila CD56, ni MALT. Ukiwa uvimbe halisi wa seli za plasma na uboho ni safi, mionzi peke yake inaweza kumponya mgonjwa, kwa hiyo asianzishiwe dawa za mishipani kabla uboho na mifupa havijakaguliwa.

Mayeloma isiyotoa protini kwenye damu wala mkojo hukosewa kwa sababu elektroforesisi iko sawa. Kapa au lamda kwenye kinyama ndiyo inayoitoa mafichoni. Na seli za plasma zikizunguka kwenye damu kwa asilimia 5 au zaidi, kiwango kilichokubaliwa mwaka 2021 badala ya kile cha zamani cha 20, hiyo ni leukemia ya seli za plasma. Anayehesabu slaidi asiziite "limfosaiti zisizo za kawaida" na kuendelea. Aite mwenzake, wahesabu pamoja, watoe taarifa siku hiyo.

Mgonjwa wa mayeloma anapotokea na mtoki

Mtoki mpya kwa mtu anayetibiwa mayeloma unaweza kuwa mayeloma iliyotoka nje ya uboho, limfoma ya pili, au kifua kikuu kilichoamshwa na deksamethasoni. Hakuna njia ya kukisia. Toa tezi nzima kama inawezekana, kwa kuwa sindano nyembamba huleta seli bila mpangilio wake. Linganisha na kinyama cha kwanza: mnyororo mwepesi ni ule ule, au umebadilika? Ukoo ule ule wa lamda, wenye CD56 ile ile, unasema ugonjwa ni ule ule. Ulinganisho huu hauwezekani kama bloku ya kwanza haipo.

Anapopewa rufaa, bloku ya nta na slaidi ziende naye, kwenye bahasha iliyoandikwa jina, namba ya maabara na aina ya kilainisha mfupa kilichotumika, pamoja na nakala ya jibu. Mweleze kwa lugha yake kilicho ndani: "Mama, hiki ni kipande cha nyama tulichokutoa. Daktari wa huko atakihitaji. Kishike kama unavyoshika kadi yako ya hospitali, na usikiweke karibu na jiko, nta huyeyuka." Bakiza bloku moja kama kuna mbili. Andika kwenye daftari la maabara tarehe iliyotoka, aliyeichukua na hospitali inakokwenda, kisha upige simu baada ya wiki moja kuuliza kama imefika.